Asubuhi Mbili za Himalaya

Tangu turudi sijakunywa kahawa kwa amani. Nikikaa tu barazani, mmoja huniuliza, "Fundi, ni kweli umepanda Himalaya na tumbo hilo?" Nikianza kumweleza, wa pili huingia na kutaka nianze upya, na wa tatu huondoka na nusu ya hadithi akaenda kuitia chumvi mtaani Tononoka. Juzi nimesikia ati nilibebwa na nyumbu mpaka kileleni. Wallahi sikubebwa. Basi nimeandika, kila mtu asome mwanzo hadi mwisho, na atakayebaki na swali amwulize mke wangu, ambaye kumbukumbu yake ni nzuri kuliko yangu na huruma yake ni ndogo.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa friji. Zaidi ya miaka thelathini nimezifungua na kuzifunga friji za kisiwa hiki cha Mombasa, za Ganjoni, za Mji wa Kale, mpaka za mabucha ya Makupa. Baridi naijua, lakini ni ile ya ndani ya sanduku, ambayo ukichoka nayo wafunga mlango ukaenda zako. Kuifuata baridi nyumbani kwake sikuwahi kuwaza.

Aliyewaza ni mke wangu Saada, mamake Nuru. Babake alikuwa na duka la vitambaa Mji wa Kale, na kila mwaka Mhindi aliyemletea mali alimpa kalenda ya ukutani. Mwaka mmoja ilikuja yenye picha ya milima ya theluji jua linapochomoza, vilele vyote rangi ya waridi. Saada alikuwa na miaka minane. Mwaka ulikwisha, kalenda ikabaki ukutani, na yeye akaapa ataiona milima ile kwa macho yake. Nilipomposa aliniambia habari hiyo, nami nikamwambia inshallah, kama wanaume wanavyosema inshallah wakitaka maneno yaishe.

Kisha yakaja ya macho. Miaka minne iliyopita daktari alimwambia ana presha ya macho. Ugonjwa huu hula kutoka pembeni ukija katikati. Kile anachokitazama moja kwa moja Saada hukiona sawasawa, hata uzi atatunga kwenye sindano, lakini kilicho kando hakipo. Akimimina chai hukosa kikombe. Akipita vichochoroni hujigonga kwenye baraza alizozipita tangu utotoni. Na kukiwa na giza haoni kabisa. Dawa ya matone huuchelewesha ugonjwa, haiurudishi nyuma. Mwaka huu daktari alipompima alisema tundu la kuonea limezidi kuwa dogo, na tulipotoka Saada akaniambia, "Babake Nuru, nataka kuiona ile milima kabla tundu halijaziba."

Yeye hakulia. Niliyelia ni mimi, jikoni, nikasingizia vitunguu, na siku hiyo tulikuwa tunakula mkate. Nuru, binti yetu, akashika mambo ya tiketi na makaratasi yote, na hayo siyaelezi kwa sababu hata leo siyaelewi.

Kuvuka Makupa

Safari ya Himalaya ilichelewa kabla haijatoka kisiwani. Saada hawezi kusafiri bila kuaga, na kuaga kwake ni nyumba kwa nyumba. Kila nyumba ilitaka tukae, tunywe kitu, tuombewe dua, na kila nyumba ilitupa kitu cha kubeba. Tulitoka na halwa sahani mbili, chupa ya achari, mahamri ya kulisha harusi, na ushauri mwingi kutoka kwa watu ambao hawajawahi kupita Mariakani.

Makoti tulinunua ya mtumba Kongowea. Langu lilikuwa zuri, zito, lenye manyoya shingoni. Siku ya kuondoka, pale Makupa tukielekea uwanja wa ndege, malori yalikuwa yamefungana, teksi haisogei, nami nikalivaa kulijaribu. Saada alinitazama sana.

"Koti hilo la kike," akasema.

"Umejuaje?"

"Vifungo viko upande wa kike. Na kiuno kimekatwa."

Nikamwambia hakuna atakayetambua huko milimani. Walitambua. Lakini lilikuwa na joto, na mimi si mtu wa kurudi nyuma kwa ajili ya kiuno.

Halwa kwenye Mashine

Kule Ghuba tulikobadilisha ndege, halwa yetu ilipita kwenye mashine ya ukaguzi na mashine ikasimama. Wakaitwa watu. Mmoja akabonyeza kwa kidole kilichovaa glavu, glavu ikanata. Mimi nikaanza kutokwa na jasho, maana niliona kwenye uso wake kwamba hajui kama kitu hiki kinaliwa au kinalipuka.

Akaja mkubwa wao, mzee mwenye ndevu nyeupe. Akainusa tu, akaanza kutabasamu. Akatueleza kwa Kiarabu, na cha kwangu ni cha chuoni lakini nilimfuata, kwamba mamake alikuwa akiipika hii kwao Omani, na iliki ni ile ile. Saada akamkatia kipande. Hakukila pale, alikifunga kwenye karatasi akakitia mfukoni, kisha akaanza kuuliza habari za Mombasa, alikowahi kukaa ujanani: fulani bado yuko, mtaa fulani bado upo. Sisi nasi hatuwezi kumkatiza mtu mzima anayeuliza habari. Tulimjibu moja baada ya nyingine mpaka tukasikia majina yetu yakitangazwa, tukakimbia, mimi na koti langu la manyoya, watu wakitupisha.

Barabara ya Pokhara

Kathmandu tulilala siku moja, na huko tukampata kiongozi wetu, Prem, mtu wa makamo mwenye masharubu membamba na maneno machache. Maneno yaliyobaki aliyamaliza na Saada. Mke wangu amekua na watoto wa Kihindi mlango kwa mlango, Kihindi anakisema kama maji, na Prem pia alikijua. Mimi Kihindi changu ni cha bei na vipuri. Basi tangu siku hiyo waliongea wao, mimi nikawa mzigo unaotembea.

Basi la kwenda Pokhara lilikuwa liwe la mchana mmoja. Katikati ya safari mlima ulikuwa umemwaga mawe barabarani, na tukakaa kando ya mto saa saba nzima. Nilianza kunung'unika. Saada akafungua kikapu, akagawa mahamri kwa basi zima, kuanzia dereva mpaka bibi mmoja aliyebeba kuku. Watu wakatoa machungwa, njugu, na kachumbari kali iliyonitoa machozi. Tingatinga lilipomaliza kusafisha njia, watu walipanda basi kwa uvivu, wengine walikuwa hata hawajamaliza kula. Bibi wa kuku alikwenda amelala begani kwa Saada mpaka mwisho wa safari.

Ngazi

Watu wanadhani mlima ni mwinuko tu. Huu wetu ulikuwa ngazi. Ngazi za mawe, zisizo na hesabu, zinazopita katikati ya vijiji, na kila ukifika mahali ukidhani zimekwisha zinapinda kona na kuanza tena. Nilimwuliza Prem zimebaki ngapi akasema kidogo. Baada ya saa moja nikamwuliza tena, akasema kidogo.

"Mpanda ngazi hushuka," Saada akaniambia.

"Lini?"

"Wewe panda kwanza."

Yeye mchana alipanda bila shida. Alitazama jiwe moja, akakanyaga, akatazama la pili. Palipokuwa na kitu cha kuona kando, mimi nilimshika mabega nikamgeuza, kama tunavyofanya nyumbani sahani ikianguka kando yake asiione. Nilimgeuza kwa maporomoko ya maji, kwa nyumbu wenye kengele, na mara moja kwa mlima mweupe uliochungulia kati ya mawingu ukajificha kabla hajaupata. Alisema si kitu. Nilimjua, ilikuwa kitu.

Kilichotuchelewesha zaidi si magoti yangu bali salamu. Mimi siwezi kumpita mtu mzima njiani kwa neno moja. Prem alipotamka namaste, mimi nilitaka aulize pia nyumbani hawajambo, watoto, mazao, na yule mbuzi aliye pale mlangoni. Prem mwanzo alitafsiri kwa shida. Jioni ile alikuwa anauliza mwenyewe bila kutumwa, na mzee mmoja aliyebeba kuni kwa mkanda wa kichwani alitua mzigo wake akatusimulia habari za mkwewe kwa nusu saa. Tulifika kijiji cha Ghorepani tumechelewa, kumeshaanza kuwa giza.

Sahani Tatu

Hapa ndipo aibu yangu ilipo, na naomba mnaosoma mnisitiri.

Kutoka Ghorepani mtu huamka kabla ya Alfajiri, akapanda ngazi za mwisho mpaka kilima kiitwacho Poon Hill, akangoja jua. Tulikuwa na asubuhi mbili tu, ndipo tushuke kuwahi ndege. Prem alituambia tule mapema, tulale mapema.

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mama mnene mwenye hereni kubwa za dhahabu. Alituletea sahani ya wali, dengu, mboga za majani na achari. Chakula kitamu, wallahi, kama cha kwetu kilichokosa nazi tu. Nikakila chote, nikapangusa sahani kwa kidole, maana kwetu mgeni akibakisha amemtukana mpishi, na kutupa wali ni israfu. Mama yule akaja na sufuria akanijazia tena. Nikasema moyoni, kunikirimu huku, nitakataaje? Nikamaliza. Akaja tena. Saada alikuwa ameweka kiganja juu ya sahani yake zamani, akaachwa kwa amani.

"Babake Nuru, bakisha," akaninong'oneza.

"Nimvunjie heshima mwanamke wa watu?"

"Yuwataka kukupasua."

Nilimaliza ya tatu nikiwa siwezi tena kupumua vizuri, nikatabasamu, na mama yule akanitazama kwa namna ambayo niliidhani ni furaha.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza tumbo. Prem alipobisha mlango saa kumi, mimi nilikuwa sakafuni karibu na ndoo. Nilijaribu kusimama mara mbili na mara mbili nikarudi chini. Prem akasema basi atamwongoza Saada yeye mwenyewe, atamshika mkono ngazi kwa ngazi. Saada akamshukuru kwa Kihindi chake kizuri, mikono yake ameirudisha ndani ya buibui. Kushikwa mkono na mwanamume asiye wake hajawahi, na hakuona sababu ya kuanza ugenini. Akakaa kitandani na koti lake mwilini.

"Tutakwenda kesho," akasema.

Waliopanda walirudi jua limeshatoka, nyuso nyekundu, wakionyeshana simu. Hakukuwa na wingu hata moja, walisema. Saada aliwasikiliza wote, akawaambia hongereni. Mimi nilikuwa nimejifunika blanketi, nikaona haya mpaka nikatamani ardhi ya watu wale inimeze.

Siku ya Mawingu

Adhuhuri mawingu yakaja yakaziba kijiji. Alasiri ikanyesha. Mama wa nyumba alipopata habari kwamba mgeni wake hajiwezi, alikuja mbio na maji ya moto ya bizari nyembamba, akakaa na Saada wakaongea kwa Kihindi. Nikaona Saada anaanza kutikisika kwa kicheko.

"Asema kwao sahani tupu ni kuomba," akanieleza. "Mgeni akimaliza, mwenye nyumba akinyamaza ni fedheha. Ulitakiwa ubakishe kidogo au uweke mkono. Ile sahani ya tatu ilikuwa chakula chake yeye. Jana alilala kwa chai."

Nikamwomba radhi yule mama. Naye akaniomba mimi. Kila mmoja alishika masikio yake kumwonyesha mwenzake kwamba amejuta, na Saada akicheka mpaka akajipangusa macho. Lakini mama yule alipoondoka, kicheko kikaisha. Saada alisogea dirishani, akasimama karibu kabisa na kioo. Nje kulikuwa na weupe mtupu.

"Mamake Nuru," nikasema, "nimekukosea."

"Ulimheshimu mwenyeji."

"Nimekukosea."

Akapangusa ukungu kwenye kioo. Kisha akasema, "Ndiyo. Umenikosea. Kesho unipandishe."

Usiku ule sikula kitu. Mvua ilipiga bati, nami nililala nikiisikiliza na kuomba, si kwa maneno ya vitabuni, bali kwa maneno ya fundi aliyeharibu kitu cha mtu na anataka nafasi moja ya kukitengeneza.

Asubuhi ya Pili

Saa kumi mvua ilikuwa imekatika. Nyota zilionekana upande mmoja, upande wa pili giza tupu, na Prem hakutaka kuahidi. Akatangulia na tochi. Mimi nikamshika Saada mkono, nikawa namwambia kila ngazi: hii ndefu, hii fupi, hapa pana maji, hapa shika mti.

Nusu ya njia niliimudu. Kisha kichwa kikaanza kugonga, na hewa ya kule haishibishi. Tumbo lililokaa siku nzima bila chakula halina nguvu ya kusukuma mtu wa kilo zangu. Nikakaa juu ya jiwe. Watu wakatupita na taa zao za vipaji vya uso. Mbinguni kwa mashariki palikuwa pameanza kuwa kijivu.

"Nendeni," nikasema.

"Siendi bila wewe."

"Saada, nenda." Ni nadra kumwita kwa jina. Nikamfungua leso aliyojifunga kichwani juu ya buibui kwa ajili ya baridi, ncha moja nikampa yeye, ncha ya pili nikampa Prem. Nikamwambia Prem kwa Kiingereza changu cha vipuri: wewe vuta, usimguse, na kila ngazi umwambie. Akaelewa. Wakaondoka, na nikasikia sauti yake ikihesabu kwa Kihindi mpaka ikapotea.

Alfajiri niliisali pale pale, nimekaa. Nilipotoa salamu nikabaki natazama viganja vyangu, ndipo likanijia jambo lililonisimamisha. Prem atamwonyesha milima kwa kidole. Saada hataona hata hicho kidole.

Nilipanda kwa mikono na miguu, na simwonei haya mtu yeyote. Mama mmoja Mzungu alinisukuma mgongoni kwenye ngazi za mwisho bila kuniuliza jina. Nilipotokea juu palikuwa na umati, kila mtu na simu yake, na mawingu yalikuwa yamelala chini bondeni, chini kabisa, na juu yake milima yote imesimama wazi kuanzia magharibi mpaka mashariki. Jua lenyewe lilikuwa bado halijatoka. Lakini kilele cha mbali cha magharibi kilikuwa kimeshashika moto kwenye ncha.

Nikawaona. Prem amenyoosha mkono, anaeleza kwa bidii, ncha ya leso mkononi. Saada anaitikia kwa adabu, anatabasamu, anasema ni mizuri, mizuri sana. Uso wake umeelekea kibanda cha chai.

Nikaja nyuma yake, pumzi sina. Nikaweka mikono mabegani.

"Mamake Nuru, unatazama birika."

"Najua," akasema polepole. "Lakini kiumbe wa watu amejitahidi. Ningemvunjaje moyo?"

Nikamgeuza mpaka magharibi kabisa, nikamwinua kidevu kidogo. Nikangoja. Nilihisi mabega yake yakisimama.

"Huo?" nikauliza.

"Nimeuona."

Nilimgeuza kwa upana wa kiganja, nikangoja tena mwanga ushuke. "Na huo?"

"Nimeuona."

Tukaenda hivyo, mlima mmoja baada ya mwingine, bila haraka, naye akiniambia rangi zake kwa sababu macho yangu mimi yalikuwa yamejaa machozi na sikuwa naona vizuri. Huu ni kama maji ya zafarani, alisema. Huu una kivuli cha buluu ubavuni. Huu umepasuka juu, una ncha mbili. Tulipofika ule wa mwisho wa mashariki, jua lilichomoza pembeni yake na umati ukapiga makofi. Saada hakupiga. Alisimama tu, nami nikamshikilia.

"Imekwisha," nikamwambia. "Hiyo ndiyo yote."

"Bado." Akageuka mwenyewe, akanitafuta kwa mikono, kwanza manyoya ya shingoni, kisha mashavu, akaupeleka uso wangu kulia na kushoto mpaka ukaingia pale anapoona. Alinitazama kwa muda mrefu, jua la Himalaya limenimulika mzima na koti langu la kike.

"Nimekuona," akasema. "Pangusa kamasi, watu wanatazama."